Mfuko wa Pindo la Kushoto

Fundi Pindo hakujua kunyamaza, na hilo ndilo lililomponza. Mpe kitambaa na nusu siku, atakushonea gauni likukae. Mpe kipaza sauti, atakutolea na siri za gauni lenyewe.

Miaka sita nyuma alikuwa mtumishi wa ndani nchi ya mbali, katika nyumba iliyofungwa kwa nje. Pasipoti walichukua, simu walichukua. Kilichomtoa ni kikaratasi chenye namba ya nyumba ya hifadhi ya wanawake ya huko huko, alichokificha ndani ya gagulo, ile sketi ya ndani ambayo hakuna bosi aliyewahi kuhangaika nayo. Aliporudi akafungua duka la kushona, na kila mwanamke wa mtaa aliyepata kazi nje alipitia kwake kwanza. Alimshonea gagulo lenye kimfuko ndani ya pindo, upande wa kushoto, kwa mshono wa mkono usioonekana hata ukikodoa macho. Ndani alitia nakala ya pasipoti na ile namba. Malipo hakutaka. Alitaka sifa tu, na sifa alizipata.

Zikavuma mpaka redioni. Mtangazaji wa kipindi cha wanawake alimwalika, akamwekea maji ya kunywa, akamwita shujaa. Weee! Mwanamke akafunguka. Alieleza gagulo, akaeleza pindo, akaeleza upande gani na mshono gani, na akamalizia kwa kucheka kwamba hao mabosi watatafuta mpaka wachoke. Mtaa mzima ulipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mawakala nao wana redio.

Miezi mitatu baadaye ikafika zamu ya Mwanya, mtoto wa dada yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya pengo zuri la meno ya mbele, na alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mbishi, mwepesi wa kucheka. Fundi hakupenda aende. Alimwambia dada yake mara moja, na mara moja ilimtosha.

"Wewe ulikwenda," dada mtu alimjibu. "Ukaona dunia, ukarudi na cherehani. Leo mwanangu akitaka kwenda, ndiyo unajua kuna hatari? Hicho ni kijicho, mdogo wangu."

Neno kijicho lilimchoma. Tangu siku hiyo hakutia tena mguu katika jambo hilo. Alishona gagulo, akalishona vizuri kuliko yote, akamkabidhi Mwanya, basi.

Siku ya safari, saa tatu asubuhi, aliingia dukani mwanamke mmoja aliyerudi juzi kutoka huko huko alikokuwa akienda Mwanya. Alitaka magauni yake yapunguzwe, maana alikwenda mnene na akarudi mwembamba. Fundi alikuwa anampima kiuno, tepu mkononi na pini mdomoni, yule mwanamke akasema, "Lile gagulo lako sinalo. Walilichukua."

"Kina nani walilichukua?"

"Ofisini kwa wakala, siku wale wapya walipofika. Mabosi walituita hata sisi wa zamani tukakaguliwe. Wanakupanga mstari, unavua gagulo, kuna mama mmoja ana mkasi wake mdogo. Hapekui kwingine. Anafumua pindo la kushoto tu."

Fundi alitoa pini mdomoni. "La kushoto? Nani kawaambia?"

Mwanamke akamtazama kwa huruma, kama anayetazama mtu aliyekalia miwani yake. "Si wewe mwenyewe, dada? Wametuchezea sauti yako kwenye simu. Walikuwa wanacheka."

Ndege ya Mwanya ilikuwa saa saba mchana. Fundi aliacha duka wazi na mteja na tepu kiunoni, akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Simu ya Mwanya haikupatikana. Ya dada yake iliita, ikapokewa, na zikasikika kelele za watu wengi na sauti ya dada ikisema kwa furaha kwamba wameshafika, kwamba watoto wamependeza, na kwamba wakala amekusanya simu zote zisipotee. Zisipotee! Fundi alitukana hapo juu ya pikipiki mpaka dereva akamwomba apunguze.

Ukumbi wa kuondokea ulikuwa mpana na baridi. Wasichana kumi na wawili walisimama foleni na vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Wakala, mwanamume wa makamo aliyenyoa vizuri, alisimama kando yao na bahasha kubwa ya pasipoti kwapani. Dada mtu alikuwa nyuma ya kamba, anapunga mkono kama yuko harusini. Mwanya alikuwa wa nne kutoka mbele.

Fundi akapita chini ya kamba. Wakala akamkinga kwa mkono, kwa adabu. "Mama, muda wa kuagana umekwisha."

"Baba, mimi ni mama yake mdogo. Nimeleta salamu za nyumbani. Utamnyima mtoto salamu?"

Salamu nani atamnyima mtu? Wakala akatabasamu, akasogea hatua moja, si mbili. Masikio yake yalibaki pale pale.

Fundi akamshika Mwanya kifundo cha mkono. Alijua anachotakiwa kufanya. Alitakiwa kumvuta. Alitakiwa kumtoa kwenye ile foleni kwa nguvu, apige kelele ukumbi mzima ujae watu, awaambie wasichana wote kumi na wawili warudi makwao. Aliinua macho, akamwona dada yake nyuma ya kamba, tabasamu limeanza kukauka, na akalisikia tena lile neno, kijicho. Akabaki amemshika tu.

"Mwanangu, nilichokushonea kimefumuka," alisema. "Usikitegemee. Salamu hizi uziweke kichwani, kama zilivyo, kwa mpangilio huu huu. Bibi yako na wajukuu zake sita wanakusalimu."

"Bibi ana wajukuu kumi na mmoja, mama mdogo."

"Sita ndio wanaokusalimu. Wengine wamekununia. Wale mapacha wawili wa jirani wanakusalimu. Mjomba wako, ambaye hakujaliwa hata mtoto mmoja, anakusalimu."

Mwanya akafungua mdomo. Mjomba wake alikuwa na watoto wanane, na wote alishawafuta makamasi yeye. Akaufunga mdomo. Kicheko kikafutika usoni mwake, na Fundi akaona kwamba ameelewa: ile ilikuwa namba ya nyumba ya hifadhi.

"Kuku wangu tisa wanakusalimu."

"Kuku nao?" wakala akauliza, akacheka.

"Kwetu tunapendana na mifugo, baba. Mafundi wanne wa mtaa wa juu wanakusalimu. Wanne wa mtaa wa chini nao wasije wakaona wametengwa, wanakusalimu. Na mimi nitakuombea siku zote saba za wiki."

"Nami nawasalimu," Mwanya alisema, sauti yake nyembamba. Akairudisha orodha yote, bibi hadi siku za wiki, bila kuruka hata kuku. Nyuma yake msichana mfupi, ambaye Fundi hakumjua na ambaye hakuulizwa kitu, alikuwa anachezesha midomo.

"Haya, yatosha," wakala akasema.

Foleni ikasogea. Mkono wa Mwanya ulikuwa bado kwenye mkono wa Fundi, na kwa muda mfupi hakuna aliyevuta wala aliyesukuma. Kisha Fundi akaachia.

Miezi mitano ikapita bila neno. Dada mtu aliacha kuzungumzia safari, akawa anakuja dukani kila siku na kukaa kwenye kiti cha wateja bila kushonesha kitu. Fundi alishona sare za shule na mapazia. Magagulo hakuyashona tena. Kila aliyekuja kuaga alimkalisha chini na kumkaririsha namba mpaka aitoe usingizini, na redioni walipomwita mara ya pili alisema ana mafua.

Simu ikaja mchana, Fundi akiwa katikati ya kola. Aliyepiga alikuwa mlezi wa ile nyumba ya hifadhi ya ng'ambo.

"Fundi, kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Kazi yangu mimi ni kukaa. Sema!"

"Juzi alipiga msichana mmoja. Aliazima simu ya fundi bomba. Si binti yako, ni yule aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Anasema ndani ya ndege walikuwa wakisahihishana salamu. Na aliiona nyumba ambapo mwenzake alishushwa. Tukaenda jana na mkaguzi wa kazi na polisi. Tumemtoa binti yako, Fundi. Yupo hapa. Mkono uliungua na pasi, lakini daktari ameuona. Anakula."

Fundi alipiga kigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Machozi yalimtoka, akayafutia kwenye kola ya mteja. "Nipe niongee naye! Mpe simu!"

"Hataki," mlezi akasema.

"Hataki vipi? Mwambie ni mama yake mdogo."

"Nimemwambia. Amesema, 'Mama mdogo alijua. Alinishika mkono, anajua, akaniachia.' Ni hasira hizo, Fundi. Zitapoa."

Fundi aliangalia mkono wake ulioshika simu.

"Si hasira," alisema. "Ni kweli. Mwambie nimesema ni kweli."

Dada yake alikuwa amesimama kando ya kiti cha wateja, viganja mdomoni, hathubutu kuuliza. Fundi akamnyooshea simu. Dada mtu akaiweka sikioni, akasema halo, na sauti ya Mwanya ikatoka mara moja, kubwa, inalia, "Mama!"

Fundi akatoka nje ya duka lake, akasimama juani mpaka walipomaliza.