Nyumbani Anapoitika

Babu Yaqdhan alianza kuandika maisha yake mwezi ule ule tuliomzika bibi. Yeye husema, mimi hupiga kompyuta. Katika kurasa tisini mlikuwamo mawaziri, madereva wa mawaziri, hata paka wa wizarani aliyepewa jina lake na la baba yake. Bibi hakuwamo. Aliyekuwamo ni mtu anaitwa "Nyumbani". "Mwaka ule mimi na Nyumbani tulihamia mtaa wa Darsait." "Nyumbani hakuipenda hewa ya Qurum." Nikamwambia babu msomaji atadhani alihama na jengo mgongoni. Hakucheka. Wanaume wa rika lake hawatamki jina la mke mbele za watu, husema Nyumbani. Kwao ndiyo heshima.

Dada yangu Ibtihal, aliyeko chuoni, ndiye aliyemletea mfano wa kufuata. Alipewa kazi ya kueleza maisha ya Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, tukawa tunamsomea babu kila baada ya alasiri. Babu alimpenda, ingawa pichani ana ndevu za mashavuni kama paka aliyekaa mbele ya feni. Kwao walisema Kiholanzi, Kiingereza alikikuta skuli. Babu akasema ndiyo kama sisi, ndani lugha yake, afisini lugha yake. Akawa mwanasheria, seneta, gavana, waziri, makamu wa rais, kisha rais. Wiki chache tu baada ya kuapishwa mabenki yakayumba na lawama zote zikamwangukia yeye. Meli ya Sayyid Said, sultani wa huku na wa Unguja, ilipofika New York mwaka 1840 na farasi wa zawadi, yeye ndiye aliyekuwa Ikulu, na babu alijivuna kama kwamba farasi amewalisha yeye. Mwaka huo huo akashindwa uchaguzi. Akajaribu kurudi, hakurudi.

Ibtihal akafika mwisho. Uzeeni rais yule aliandika maisha yake, maandishi marefu, na kila aliyegombana naye yumo. Mkewe Hannah, aliyemzalia watoto, akafa kijana, na yeye asioe tena, rais hakumtaja humo hata mara moja.

Babu alitazama vidole vyake. Mimi nikashindwa kunyamaza.

"Basi umemshinda rais, babu. Wewe angalau umemtaja Nyumbani."

"Abee," ikaitika sauti jikoni.

Ilikuwa abee ya bibi, ile inayokwaruza mwishoni. Nilikwenda kutazama mwenyewe. Masinia yalikuwa yamefunikwa, bomba limefungwa, hapana mtu. Niliporudi, Ibtihal ameng'ang'ania mkono wa kiti, na babu ametulia kama aliyeletewa chai. Akatwambia ndivyo ilivyo tangu arubaini. Akimwita Nyumbani, huitika. Haji, haombi kitu, huitika tu.

Ibtihal akalia. Alitaka jina la bibi liwemo kabla kitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa, vitukuu wajue wametokana na nani. Babu akakataa.

"Nikilibadilisha akaacha kunitikia, nna nini tena mimi?"

Kesho yake, babu akiwa msikitini, nikafanya upuuzi. Niliiamrisha kompyuta itoe kila "Nyumbani", iweke jina la bibi, "Jawaher". Pahala mia na kumi na mbili, kwa kidole kimoja. Nilijiona mjanja, na mwenye haki juu yake.

Babu akarudi, akavua viatu, akaita, "Nyumbani." Kimya. Akaita tena. Akazunguka vyumba, akifungua milango taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alipoita mara ya saba sauti yake ilikuwa imekauka, nami nikakiri. Nikamwambia nnairudisha sasa hivi, dakika moja tu.

Akanishika mkono. Alikuwa anasoma kwenye kioo cha kompyuta. Kompyuta haikujua Nyumbani yupi ni mke na nyumbani ipi ni nyumba, ikazibadilisha zote. Akasoma kwa sauti: "Saa nane nikatoka wizarani, nikarudi Jawaher." Akarudia kusoma, polepole.

"Hapo pawache hivyo hivyo," akasema.

Kisha akageukia jikoni. Miaka yangu yote sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

"Jawaher."

Kitu kikasogea juu ya vigae vya sakafu ya jikoni.

"Nani?" ikauliza sauti. "Nani ananita?"

Ibtihal akanitazama. Miaka hamsini na nne babu hakumwita hivyo, hata walipokuwa peke yao, ndiyo maana bibi hakujua nani anamwita.

Babu akaenda akasimama mlangoni pa jikoni, asiingie, mikono ameikutanisha mbele kama kijana aliyekuja kuposa. Akaanza kujieleza: jina lake, la baba yake, mtaa aliozaliwa Unguja, skuli aliyosoma, kazi ya kwanza wizarani. Hakuruka kitu. Alipofika siku ya harusi akasita, akatutazama kwa haya, na sisi tukatazama chini.

"Enhe," ikasema sauti, sasa karibu kabisa na mlango. "Halafu?"