Mgeni wa Dirisha la Pili

Jiko la chai lilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya tatu, ubavuni mwa choo cha wanaume. Ukuta uliovitenganisha ulikuwa mwembamba, na kila mtu alipovuta maji upande wa pili, sahani zilitetemeka rafuni. Humo Mama Birika alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa. Vikombe kumi na vinne aliviosha pamoja kwenye beseni. Cha kumi na tano, chenye mfuniko na ukingo wa dhahabu, alikiosha peke yake kwa kitambaa chake, kwa sababu Mkurugenzi hakutaka midomo ya watu ikutane na wake hata ndani ya povu.

Ofisi hiyo ilichagua vijana wa kusomeshwa chuo kikuu kwa kodi ya wananchi. Nafasi mia tatu zilikuwa za raia, kumi na mbili za wageni kutoka nchi ya jirani. Hizo kumi na mbili ndizo zilizokuwa zikiwatoa watu mapovu kila mwaka.

"Watoto wetu wanakaa sakafuni, sisi tunasomesha wa watu!" alifoka mjumbe mmoja wa kamati siku ya kikao, mdomo umejaa biskuti. Chembe zilirukia karatasi za mwenzake. "Kodi yangu, jasho langu, anakula mtu aliyevuka mto jana."

"Ni ujirani mwema," Mkurugenzi alisema. "Leo tunamsomesha, kesho ni waziri kule kwao. Anatukumbuka."

"Atukumbuke kwa lipi? Akishiba anaondoka zake."

Hapo mjumbe akagundua ni nani aliyekuwa akimmiminia chai. Akacheka kidogo, akafuta mdomo kwa kiganja. "Mama Birika, usitukasirikie bwana. Wewe si mgeni. Wewe ni wetu."

"Nimeshazoea," alisema, akamsogezea sukari.

Alizoea kweli. Alivuka mto wa mpakani akiwa na mimba ya miezi minane, na hakurudi tena. Mimba ile sasa ilikuwa binti wa miaka ishirini aliyeongoza shule nzima kwa hesabu na fizikia, na aliyetaka kitu kimoja tu: kusomea uhandisi wa maji. Kanuni za ofisi hazikupokea mwombaji aliyefikisha miaka ishirini na mmoja. Binti alibakiza miezi minne, kwa hiyo mwaka huu ukipita, basi tena.

Wiki iliyofuata binti alipanga foleni kama watu wengine, ingawa mama yake alikuwa hapohapo ghorofa ya juu akipanga vijiko. Chini palikuwa na madirisha mawili, la raia na la wageni. Nyuma ya yote mawili alikaa karani mmoja wa masjala, kwenye kiti chenye vigurudumu.

"Uraia?" aliuliza karani.

"Nimezaliwa hapa. Hospitali ile pale, ukivuka barabara."

"Sijauliza hospitali, nimeuliza uraia. Mama yako anaishi kwa karatasi ya ukimbizi, na wewe umo kwenye karatasi hiyohiyo. Dirisha la pili."

Binti alihamia dirisha la pili. Karani akasukuma kiti kwa kisigino, akafika kabla yake, akakunja mikono mezani kana kwamba hajawahi kumwona.

"Karibu. Pasipoti ya kwenu?"

"Sina. Huko sijawahi kufika hata siku moja."

"Ulizaliwa wapi?"

"Si nimekwambia sasa hivi? Hospitali ile pale…"

"Basi mgeni gani wewe?" Karani alicheka mpaka kiti kikarudi nyuma. "Mgeni anatoka nje, dada yangu. Wewe umetoka kuvuka barabara!"

Foleni nzima ikacheka. Wengine walicheka wakiwa hawajui wanachocheka, ili karani awaone wanacheka. Binti alirudisha vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki, kimoja kimoja.

"Wachague wanachotaka," alimwambia mama yake walipofika nyumbani. "Niwe mgeni, niwe mwenyeji, kwangu sawa. Ila mtu hawezi kuwa hewa."

Siku mbili baadaye Mkurugenzi alimwita Mama Birika. Alikuwa akichokonoa meno kwa kona ya bahasha ya mwombaji fulani, na alichokitoa alikitazama kwanza kabla ya kukirudisha mdomoni.

"Kaa, mama."

Katika miaka kumi na tisa hajawahi kukalia kiti kile. Alikaa ukingoni.

"Nimesikia habari za binti yako. Inauma."

"Inauma, bosi."

"Sasa nina ombi dogo, mambo ya nyumbani tu. Unamjua kijana wangu mkubwa. Yule ana asili ya kwenu."

Mama Birika aliwajua mke wa Mkurugenzi na mama wa Mkurugenzi. Wote wawili aliwahi kuwapelekea chai, na wote wawili walimpungia kidole badala ya kumsalimia, walipotambua lafudhi yake.

"Asili, bosi?"

"Ya mbali kidogo." Alivuta droo, akaweka mezani pasipoti mpya ya nchi ile, bado inanuka gundi. "Karatasi zimekamilika, amepata nafasi kwenye zile kumi na mbili. Kilichobaki ni ulimi. Siku ya hafla ya kuwatambulisha waliochaguliwa, Balozi wa kwenu atakuja, na yule mzee anapenda kusalimiana na vijana kwa lugha yao. Mfundishe salamu mbili tatu, asionekane bubu."

Mama Birika aliitazama ile pasipoti. Mara tatu alikuwa amepanga foleni ubalozini kumwombea bintiye kitabu kama hicho, na mara tatu aliambiwa kwamba waliokimbia hawana rekodi.

"Na binti yangu?"

"Mwambie aandike maelezo yake. Asili yenu, mlivyokimbia, mlivyoteseka. Kurasa mbili. Usipeleke dirishani, niletee mimi. Nitayasoma mwenyewe. Kila mwaka hakosekani mmoja wa kujitoa."

Mama Birika akashukuru. Ndiyo, alishukuru, mikono miwili kifuani. Tena alipotoka alichukua na kile kikombe cha mfuniko akakioshe.

Maelezo yale yaliandikwa kwa siku tatu, kwa sababu kulikuwa na mambo ambayo mama hakuwahi kumsimulia mtoto wake. Alimsimulia sasa, akiwa ameangalia ukuta. Wanajeshi waliingia kijijini mchana kweupe, kunde zimeanikwa uani. Watu walikimbilia mtoni. Mtumbwi wa mwisho ulibakiza nafasi ya mtu mmoja. Bibi yake binti alimsukuma mwanawe mjamzito ndani, yeye akabaki ukingoni mwa mto. Kisha akavua kilemba chake akakipunga, si kuaga, alikipunga kama mtu anayefukuza kuku: nenda, nenda, usigeuke.

"Na wewe uligeuka?" binti aliuliza.

"Andika," mama alisema.

Masomo ya kijana wa Mkurugenzi yalifanyika ukumbi wa mikutano, saa ya chakula cha mchana. Kijana alikuja na vipokea sauti shingoni na shikamoo yake mdomoni. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mama Birika zaidi, maana hata pa kumchukia hakupaona vizuri. Alishika upesi. Salamu ya mkubwa, asante, jibu la kubarikiwa, jinsi ya kuinamisha kichwa. Siku ya nne alisalimia sawasawa mpaka Mama Birika akatabasamu bila kutaka, halafu akajionea kinyaa.

"Unakwenda kusomea nini?" alimuuliza.

"Baba kasema kwa wageni nafasi iliyobaki ni uhandisi wa maji." Kijana aliinua mabega. "Mimi maji nayajua kuyanywa tu, mama."

Jioni hiyo, nyumbani, Mama Birika aliiachia siri hiyo kwa bahati mbaya, akisimulia kama kichekesho. Binti yake, aliyekuwa akisugua sufuria, hakucheka.

"Kumbe ndiyo kazi unayofanya mchana?"

"Amesema atasoma maelezo yako."

"Mama, unamfundisha kuwa mimi."

"Nifanyeje sasa? Nimkatalie, halafu? Wewe una miezi minne, nikikataa nani atakuangalia?"

Binti aliendelea kusugua. Sufuria ilikuwa imeshatakata zamani.

Ijumaa, akitoa vyombo ofisini kwa Mkurugenzi, Mama Birika aliziona zile kurasa mbili juu ya meza. Zilikuwa na alama ya duara ya kitako cha kikombe, kahawia, chai yake mwenyewe. Kuna mistari ilipigiwa chini kwa kalamu nyekundu. Ameyasoma, alijiambia. Ameyasoma kweli, mpaka kapigia mistari. Moyo wake, uliokaa juujuu wiki nzima, ukashuka.

Siku ya hafla wageni walikuwa wengi, na ofisi ikamwambia atafute mtu wa kumsaidia kugawa chai. Alimleta binti yake. Alimpigia pasi blauzi, akamwambia apite mbele ya Mkurugenzi mara mbili tatu, auone uso wenye maelezo yale.

Bendera mbili zilisimamishwa jukwaani. Balozi alikuwa mzee mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Vijana kumi na wawili walipita mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa mtoto wa Mkurugenzi, kavalishwa nguo ya kwao Balozi, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Aliinamisha kichwa. Alisalimia. Balozi akafurahi, akamjibu kwa maneno mengi, na kijana akatoa jibu la kubarikiwa mahali pake hasa.

"Huyu ndiye tuliyemchagua aseme kwa niaba ya wenzake," Mkurugenzi alitangaza. "Msikilizeni alikotoka."

Kijana alifungua kurasa mbili. Alisoma kwamba kijijini kwao kunde zilikuwa zimeanikwa uani. Alisoma kwamba ilikuwa mchana kweupe. Mama Birika, katikati ya safu ya tatu, aliendelea kumimina, na chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagikia kiatu cha mtu.

"Angalia basi, mama!" mwenye kiatu alinong'ona kwa hasira.

"Bibi yangu alivua kilemba chake," kijana alisoma, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "akakipunga kama mtu anayefukuza kuku."

Yule mjumbe wa kamati aliyelilia jasho lake alitoa leso akapenga kamasi kwa nguvu. "Hawa ndio wa kusaidiwa," alimwambia jirani yake. "Hawa ndio hasa."

Binti alikuwa kasimama ukutani na trei yake ya vikombe. Mama yake hakuthubutu kumtazama.

Walipofika kwenye chai, Balozi bado alikuwa amemshika kijana mkono, hataki kuuachia. Mkurugenzi alikuwa ubavuni mwao, anang'aa uso kwa jasho na mafuta ya sambusa. Mama Birika alimimina. Aliuliza kama Balozi anatumia sukari.

Balozi aliinua kichwa. "Lafudhi yako, mama. Wewe ni mtu wa wapi?"

Mkurugenzi alimtazama tu, akipuliza chai yake polepole. Mama Birika aliliona akilini faili la bintiye lilipo, chini ya mkono wa mtu yule, na akaihesabu ile miezi minne.

"Mimi wa hapahapa, mheshimiwa," alisema. "Mimi ni mtu wao."

"Ahaa." Balozi aliitikia kwa heshima, akamgeukia binti aliyekuwa nyuma yake. "Na wewe, binti? Unasoma wapi?"

Binti aliweka trei mezani. Aliinamisha kichwa vile inavyoinamishwa kule, akamjibu kwa lugha ya kule, lugha ya jikoni kwao, aliyoinyonya pamoja na maziwa. Hakupaza sauti. Alisema: bibi aliyevua kilemba ni wangu mimi, na huyu mama aliyekumiminia chai ndiye aliyekuwa ndani ya mtumbwi.

Katika watu wote waliosimama karibu pale, waliomwelewa ni wawili, mama yake na Balozi. Kijana wa Mkurugenzi alijua salamu tano tu, lakini neno la kuita bibi alikuwa amefundishwa. Aliangalia viatu vyake.

Mkurugenzi hakuambulia hata neno. Akaangua kicheko cha mwenye nyumba aliyefurahi.

"Unaona, mheshimiwa? Sisi hapa ujirani tumeuchukulia kwa uzito. Hata wagawa chai tumewafundisha lugha yenu!"

Watu wakasema loo. Balozi alimtazama binti, akamtazama mama, akaitazama ile nguo yenye mikunjo ya dukani. Mdomo wake ulifunguka. Nyuma yake katibu wa Mkurugenzi alishika mkoba wa mkataba mpya wa ujirani mwema, uliokuwa usainiwe baada ya picha. Mzee aligeuka akautazama mkoba ule. Kisha akaanza kupiga makofi, taratibu, na ukumbi mzima ukamfuata.

Mpiga picha alipenya katikati, akawapanga: Balozi, Mkurugenzi, kijana katikati, bendera nyuma. Akachungulia kwenye kamera, akainua kichwa.

"Nyie wa chai," alisema, "sogeeni pembeni kidogo. Mnaziba bendera."

Mama Birika alisogea. Alikuwa ameshasogea hata kabla hajaambiwa mara ya pili.

Binti hakusogea. Mpiga picha alisubiri na jicho lake kwenye kamera, wakubwa wakisubiri na matabasamu yao, na Mkurugenzi, bila kupunguza tabasamu lake hata kidogo, alinyoosha kikombe chake cha mfuniko ili mtu akichukue.