Dakika Kumi za Kunyamaza

Hapa Bariadi mimi ni mshereheshaji. Pamba ikishauzwa na harusi zikaanza kufuatana, hakuna Jumamosi nisiyosimama mbele ya watu na maiki mkononi. Wananiita MC Radi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, na kwenye kadi zangu nikaandika chini yake: “Maneno hayamwishi.” Mke wangu, Flora, anasema hilo ndilo jambo pekee la kweli nililowahi kuchapisha.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Mungu alimpa binti asiyeweza kutamka jina lake. Nilimwita Kwandu, jina la mama yangu, naye mpaka miaka mitano alijiita Twandu. Kila penye k aliweka t, na penye g aliweka d. Mimi sikuona shida. Mgeni akimuuliza kitu, kabla mtoto hajafungua mdomo mimi nimeshajibu, tena kwa vichekesho. Nilijiona baba bora katika mkoa mzima wa Simiyu.

Kisha mwalimu wake wa darasa la awali akatuita. Januari Kwandu anaingia darasa la kwanza, akasema, na darasani hathubutu kuongea kwa sababu wenzake hawamwelewi. Flora akataka twende hospitali. Mama yangu akapiga simu kutoka Shishiyu: “Ng'wanawane, mwanangu, huyo ana kimeo. Mleteni, kuna mzee huku anakata.” Flora akasema mwanawe hakatwi kitu. Mimi nikawaambia wote watulie, kazi ya mdomo ni fani yangu. Kinyozi hajinyoi, lakini mimi nilijiona naweza kujinyoa na kumnyoa mwanangu pia.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa uani najaribu spika za harusi ya jioni. Nikamsimamisha Kwandu mbele ya spika hizo, nikampa maiki, nikasema, “Haya mwanangu, kwa sauti: kaka kakata kuku.”

Akavuta pumzi, akajitahidi kweli. “Tata tatata tutu.”

Spika zile nilizinunua kwa sifa ya kusikika mbali. Wanawake waliokuwa bombani wakaangua kicheko, na vijana wa bodaboda wakapiga honi. Nami, niliyemzaa, nilifanya kile ninachofanya ukumbi ukicheka: nikacheka zaidi yao, nikachukua maiki ya pili, nikasema, “Mpigieni makofi!”

Kwandu akaiweka maiki chini taratibu, kama kitu cha mtu, akaingia ndani. Hakulia. Ila tangu hapo hakusema neno, si nyumbani wala shuleni. Akitaka maji alinyoosha kidole. Siku ya tatu nilisema atazoea. Siku ya nane nilikuwa nimekaa chooni nalia, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu hata hiyo “Twandu” sikuwa nayo tena.

Siku ya kumi na moja tulipanda basi la Mwanza, ambako nesi wa kliniki alikuwa amemwambia Flora kuna mtaalamu wa matamshi. Nilizungumza toka Bariadi hadi tulipopita Nyashimo, mpaka abiria wa mbele akahama kiti.

Mtaalamu alikuwa dada kijana, Eufrasia. Aliinama akamwangalia Kwandu. “Hujambo? Unaitwa nani?”

“Anaitwa Kwandu,” nikasema. “Ana miaka mitano na miezi minne.”

“Unapenda kucheza nini, Kwandu?”

“Anapenda kupika pika na vifuniko vya soda.”

Eufrasia akanyanyuka. “Baba, mgonjwa ni yupi?”

Flora akatazama dirishani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Dada yule alimpima masikio: kila akisikia mlio, Kwandu alitumbukiza shanga koponi, na hakukosa hata mmoja. Akamtazama ulimi na koo. Akasema hakuna cha kukata. Sauti hizo hutoka nyuma ya ulimi, mtoto anazitoa mbele, na kwa michezo na subira atajifunza. Akamwonyesha Flora namna ya kuanza, akatupangia kurudi kila mwezi.

“Lakini siwezi kumfundisha sauti mtoto asiyeongea,” akasema, akinigeukia. “Dawa ya kwanza ni yako. Kila siku dakika kumi ukae naye, unyamaze. Usimuulize, usimrekebishe, usimmalizie. Ukibanwa sana, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo.”

Nikauliza kama hakuna vidonge.

“Vya mtoto au vyako?”

Siku ya kwanza nilidumu dakika moja. Kwandu alikuwa anapanga vifuniko vyake nami nikajikuta nauliza, “Hiyo nyumba? Ya nani? Ya bibi?” Flora akanivuta kwa shati. Siku ya pili nilijijaza muwa mdomoni. Siku ya nne kijana wa kamati ya harusi alipita kunipa majina ya wakwe, nikamjibu kwa mikono, akaenda kueneza kwamba MC Radi amepigwa kiharusi. Nilipoteza kazi mbili.

Siku ya sita, alasiri, tulikaa kivulini tunabangua karanga, yeye na mimi. Maneno yalinijaa mpaka shingoni, nikawa nahesabu tu. Ghafla nikaona ameacha karanga. Akasogea, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kama anavyofanya mama yake.

“Baba, unaumwa?”

Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo. Nilitaka kumwita Flora, nilitaka kuwaita majirani. Nikatikisa kichwa.

“Umenuna?”

Nikatikisa tena.

Akabangua karanga moja, akaitazama. “Mimi nilinuna. Ulinicheta.”

Utetezi ulikuwa tayari, tena umepangwa vizuri: kwamba ni mazoea ya kazi, kwamba baba anampenda, kwamba watu walimshangilia. Nikahesabu. Nilipofika kumi nilitafuta hotuba ile nikakuta limebaki neno moja.

“Nisamehe.”

Nilingoja, na sikumsaidia.

“Sawa,” akasema. “Latini usirudie.”

Nikasema sitarudia. Nikaishia hapo.