Watoro Wanne wa Jioni Moja

Bi Penseli hakumruhusu mtu yeyote kuingia na kalamu ya wino katika chumba cha kusomea nyaraka. Awe profesa, awe mkuu wa idara, kalamu iliachwa mlangoni ndani ya kopo la maziwa, naye akapewa penseli iliyochongwa. Wasomaji ndio waliompachika jina hilo, na yeye akalipokea kama mtu anavyopokea mvi.

Jumatano ile alimtazama Magurudumu akichomoa kalamu mfukoni mwa shati, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Wewe umekuja kusoma au kufungua duka?"

"Shikamoo, mama. Ni za kazini. Kila wodi wanakuazima kalamu, hakuna anayerudisha."

"Marahaba. Tia humo. Daftari lako limepatikana."

Magurudumu alikuwa mbeba wagonjwa katika hospitali kuu ya mji. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesukuma vitanda kutoka mapokezi hadi chumba cha upasuaji, na jina hilo alipewa na wauguzi. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko, na huu ulikuwa mwezi wa tatu anaitumia hapa, kumtafuta babu yake mzaa mama.

Babu huyo alikwenda vitani mkewe akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa, akatambaa, akasimama dede, ndipo ikaja barua ya jeshi yenye neno moja zito: mtoro. Basi. Haikusema wapi wala kwa nini. Mtoto yule ndiye Mama. Alikua akiitwa mtoto wa mtoro kisimani, shuleni, hata siku ya harusi yake. Aliamini kwamba baba yake yu hai mahali fulani, ana mke mwingine na watoto wengine anaowapakata. Akiwa sokoni akamwona mzee mgeni, mrefu, humfuata nyuma na kikapu chake mpaka amwone uso.

Sasa alikuwa amepita miaka themanini. Mwanzoni mwa mwaka aliugua, akapona, akawaita wanawe wawili.

"Nimesali maisha yangu yote nimsamehe baba yangu, nashindwa," aliwaambia. "Siwezi kumsamehe mtu nisiyejua alichonitendea. Nendeni mkaniulizie. Kama alitukimbia, niambieni alitukimbia. Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Dada yake Magurudumu, ambaye ndiye aliyekaa na Mama, hakupenda. "Ukifukua utakuta mifupa," alisema. Lakini neno la Mama lilikuwa neno la Mama.

Daftari lililopatikana lilikuwa la mwito wa jioni. Kila jua lilipotua, karani wa kambi ya mlimani alisoma nambari za watu wake. Aliyeitika aliwekewa mstari; asiyeitika aliwekewa duara. Ndani ya jalada kulikuwa na sheria: asiyeitika jioni tatu mfululizo ahesabiwe mtoro, na nambari yake isiitwe tena. Magurudumu aliteremsha kidole polepole hadi nambari ya babu yake, 2206. Duara. Duara. Duara. Kisha lile neno, kwa wino mwekundu.

"Pole," alisema Bi Penseli.

Kidole cha Magurudumu kilikuwa kinaendelea kushuka. Katika ukurasa uleule kulikuwa na wengine watatu, wenye maduara matatu ya jioni zilezile na neno lilelile jekundu.

"Walipanga," Bi Penseli alisema kwa upole. "Watoro huondoka kwa kundi. Nimeyaona mengi humu."

"Wanne," alisema Magurudumu.

"Ndiyo, wanne."

"Mama, wanne ni machela."

"Machela gani tena?"

"Machela ya kubebea mgonjwa. Wawili mbele, wawili nyuma. Lifti ya hospitali ikiharibika tunabeba kwa ngazi, na huwezi kutukuta watatu wala watano. Ni wanne. Na huko mlimani hapakuwa na lifti."

Bi Penseli alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akavuta kadi ya askari 2206, akasoma mstari wa kikosi: wabebaji.

"Basi tumekuwa tukiwauliza wasiohusika," alisema. "Tuwaulize waliompokea mgonjwa. Makaratasi ya hospitali ya vita yako kwenye masanduku ya chini, hayajapangwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti yangu haya unayaona. Nipe wiki moja."

Hapo Magurudumu angenyamaza, wiki ingepita salama. Lakini furaha haina mfuniko. Alifika nyumbani akamkuta Mama anachambua mchele, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hakutoroka. Alikuwa kazini. Alimbeba mtu."

Mikono ya Mama ilisimama juu ya ungo. "Umeona imeandikwa?"

"Bado. Lakini walikuwa wanne."

Dada alimvuta shati hadi uani. "Mtoto hajazaliwa, wewe umeshakata mbeleko! Ikija kuwa sivyo, nani atamwambia? Wewe utakuwa kwenye zamu yako unasukuma vitanda, mimi ndiye nitakayebaki naye."

"Dada, nimeona kwa macho yangu."

"Umeona maduara."

Wiki nzima Mama alikuwa akiuliza, akiamka, kabla hata ya kunawa uso: "Jumatano bado siku ngapi?"

Jumatano ilipofika, Bi Penseli alikuwa ametandaza ramani meza nzima na kuibana pembe kwa vifuko vya mchanga. Kando yake palikuwa na daftari nene lenye jalada lililoliwa na mende.

"Nina habari mbaya," alisema baada ya salamu. "Daftari la hospitali nimelipata. Nimetazama siku ile waliyoondoka na siku ya pili yake. Hakuna machela kutoka kambi yenu. Na ramani ndiyo hii. Kambi hapa, hospitali huku bondeni." Aliweka rula. "Mwendo wa saa nane. Kwenda siku moja, kurudi siku moja. Jioni ya tatu walipaswa kuwa wameshaitika."

Magurudumu aliinama. Njia ilichorwa kwa nukta ndogondogo, na ilijipinda kama utumbo. Alitoa mfukoni uzi wa kushonea vifungo, akaulaza juu ya nukta, kona kwa kona, akiushikilia kwa kucha. Kisha akaunyoosha kando ya rula. Ulikuwa karibu mara mbili.

"Rula imepaa, mama. Wao walitembea. Na hii mistari iliyobanana?"

"Mlima mkali. Ikibanana hivyo ni kama ukuta."

"Kwenye mteremko uzito wote huwaangukia wa mbele. Mnapumzika kila hatua mia. Mnabadilishana mabega. Mgonjwa analia, mnasimama. Anaomba maji, mnasimama." Midomo yake ilihesabu bila sauti. "Siku mbili na nusu, tena kwenda tu. Tazama siku ya tatu, mchana."

Bi Penseli alilamba kidole, akafunua.

Ilikuwepo. Kutoka kambi ya mlimani, machela moja. Mgonjwa mmoja, amevunjika mguu, yu hai. Wabebaji watatu.

Chini yake kulikuwa na alama tatu za dole gumba, kila moja na nambari yake. Magurudumu alizisoma. Akazisoma tena kutoka chini kwenda juu. 2206 haikuwemo.

Alisimama, akatoka, akaketi kwenye benchi la ujiani. Kichwani alimwona Mama na ungo wake. Alijua jinsi watu walivyo. Katika miaka yake ishirini na sita alikuwa ameona mwenzake akimwacha mgonjwa katikati ya ujia kwa sababu zamu imekwisha. Msituni, hakuna anayekuona, mtu hushindwa nini kuliteremsha bega lake na kwenda zake? Na yeye, kwa kimbelembele chake, alikuwa amekwisha kumwambia Mama.

Alifumba macho. "Mungu wangu," aliomba, "sikuombi umgeuze. Alivyokuwa ndivyo alivyokuwa, nawe ulimwona. Nipe tu kinywa cha kumwambia Mama kweli, na umpe yeye moyo wa kuisikia." Alikaa hivyo muda mrefu, mikono juu ya magoti, mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

"Magurudumu!" Sauti ya Bi Penseli ilitoka ndani, ingawa sheria ya kwanza ukutani ilikataza kupiga kelele. "Njoo!"

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, daftari limefunguliwa kurasa za mwisho.

"Jeshi halipotezi kitu bila maelezo," alisema. "Kila daftari la hospitali lina orodha ya vifaa vilivyopotea. Sikufikiria kuitazama, maana sisi tunatafuta mtu. Soma mwenyewe."

Mwandiko ulikuwa mdogo, wa karani mwenye haraka. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno. "Blanketi moja la mgonjwa. Limechukuliwa na mto kivukoni, pamoja na mbebaji 2206, aliyekuwa nyuma upande wa chini. Wenzake watatu wamevusha machela. Blanketi lifutwe kwenye orodha."

"Blanketi waliliandikia," alisema Bi Penseli, naye bado yuko sakafuni. "Kwa mkewe hawakuandika hata mstari."

Magurudumu alimshika mkono akamwinua. Kisha wakarudi pamoja kwenye ramani, wakafuata nukta hadi zilipokata mstari wa buluu, mara moja tu, chini ya mlima. Bi Penseli alimpa karatasi nyembamba, na kwa penseli Magurudumu akanakili mto, njia na mahali vilipokutana.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mara hii Magurudumu hakuchuchumaa kwa furaha. Aliketi kando yake, akaeleza tangu mwanzo: uzi, siku ya tatu, alama tatu za dole gumba, na jinsi alivyotoka nje akidhani kwamba babu yake kweli alikimbia. Halafu akamsomea habari ya blanketi.

Mama aliipokea karatasi. Macho yake hayakuona vizuri, lakini alipitisha kidole juu ya mto.

"Upande wa chini ni upande gani?"

"Ule yanakokwenda maji. Huwekwa mrefu, mwenye nguvu. Machela ikisukumwa na maji, yeye ndiye anayeizuia."

"Na yule mgonjwa?"

"Alifika, Mama. Akiwa hai."

"Mungu ashukuriwe," alisema Mama. Halafu akalia. Hakulia kilio cha wazee, kile cha kufuta jicho kwa pembe ya khanga. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia pale mlango unapogongwa na mtu akaleta habari.

Dada aliingia mbio na mikono yenye sabuni. "Umemwambia nini? Si nilisema? Si nilikwambia?"

"Mwache kaka yako," alisema Mama. "Nimefiwa. Toeni viti, mtandike mikeka."

Dada alimtazama kaka yake. Magurudumu akainamisha kichwa, akaanza kubeba viti. Wakavitoa vyote, wakatandika mikeka miwili sebuleni, na Mama akashuka kitandani, akaja akaketi mkekani, amenyoosha miguu, karatasi mapajani.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa amesikia. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama mlangoni.

"Jamani, nani ametutoka?"

"Baba yangu," alisema Mama.

Fundi alimkodolea macho. Alimfahamu Mama miaka thelathini, na aliijua hadithi, kama mtaa mzima ulivyoijua. "Lini, mama?"

"Habari imefika leo."

Fundi alimtazama dada, akamtazama Magurudumu, asione wa kucheka wala wa kueleza. Basi akaivua futi shingoni, akaikunja. Akaacha viatu mlangoni, akaja akaketi mkekani.

"Pole sana, mama," alisema. "Alikuwa akifanya kazi gani, marehemu?"

Mama alifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Alikuwa anabeba wagonjwa," alisema, akaanza kumweleza.