Swali Lililopandishwa Mlimani

Watu wa Tagudon, Wadusun wa milima ya Borneo, hawakatai neno wakiwa juu ya mlima. Ukishalipita lile jiwe jeusi lililolala kama nguruwe, umeingia walikopumzika wafu, na waliolala hawapigiwi kelele za ubishi. Ukitukanwa unanyamaza. Ukiombwa usichotaka kutoa unanyamaza vilevile, kisha mnashuka, na huko chini ndiko mtu anakoambiwa ukweli wake. Hakuna aliyeyajua hayo vizuri kuliko Jeffrin wa kampuni ya hoteli, maana bibi yake alizaliwa hapohapo Tagudon.

Ndiyo sababu Jeffrin hakutaka kikao kijijini.

"Mambo ya mlima tuyamalizie mlimani," alisema asubuhi ile, buti mpya miguuni. "Tutazame mimea, tupate upepo, tuelewane."

Lunsin alikaza kamba za tenga lake la mgongoni. Alikuwa anakumbuka. Zamani, yeye akiwa bado msichana, bwana mwingine wa kampuni alipandisha swali hukuhuku juu, akiutaka msitu wa mianzi. Gumbilai, baba yake Lunsin, alisikiliza akanyamaza kwa adabu. Waliposhuka wamejiandaa kukataa, bwana yule alikuwa ameshapanda gari, na kimya cha watu kikaandikwa kuwa ni ridhaa. Mpaka leo mtu wa Tagudon akitaka mwanzi mmoja wa kuegemeza banda anamwomba mlinzi. Wapo wanaosahau ili wapate usingizi. Lunsin hakuwa mmoja wao.

Wakapanda, wazee na akina mama, Jeffrin katikati. Walipolipita lile jiwe jeusi, miti ilikuwa mifupi, imejikunja kwa baridi, imevaa kuvumwani ya kijivu inayoning'inia kama ndevu. Maua meupe ya okidi yalichungulia kwenye nyufa za magome. Halafu vikaanza vyungu vya kima, ile mimea inayonasa wadudu, vinaning'inia kwenye ncha za majani, vingine vyekundu kama ini, vingine kijani chenye madoa, kila kimoja na kifuniko chake na maji yake. Vikubwa kupita vyote vilikaa chini, vimeegemeana kama vyungu vya mfinyanzi vinavyosubiri moto.

Lunsin akainama kuchungulia kimoja. Nzi alikuwa anatapatapa ndani.

"Bado anaogelea?" Gumbilai akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado, Baba. Huyu naye aliambiwa aje atazame tu."

Mama mmoja nyuma yao akaziba mdomo, mabega yakamcheza.

Jeffrin akasimama pale pale, akatoa simu, akaanza kurekodi. "Wazee wangu, kampuni itajenga uzio kutoka hapa mpaka kileleni, kuilinda mimea hii. Watapita wageni wa hoteli. Nyinyi njia hii mtaiacha, na mambo ya kuchuma vyungu vya kupikia wali wa mavuno basi. Asiyekubali aseme."

Upepo ukapita. Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Taya la Gumbilai lilikuwa linasagasaga, kama la mtu anayetafuna kitu kisichomezeka.

"Sikubali," Lunsin akasema.

Hakupaza sauti. Hata hivyo mama aliyecheka akamshika mkono.

Jeffrin akashusha simu. "Shangazi, huku hapasemwi hivyo. Hata bibi yangu..."

"Bibi yako angekuzaba kofi. Inua simu, mwanangu. Si ulikuwa unarekodi?"

"Utawaamsha wafu."

"Nawaamsha. Wanaibiwa wamelala. Nikishuka nitachinja kuku wa kuwapoza, wakitaka nguruwe nitachinja nguruwe. Hayo ni yangu na wao, wewe hayakuhusu. Uzio sikubali."

"Wewe ni mtu mmoja. Wenzako wamenyamaza."

Jeffrin akawazungushia simu polepole, uso kwa uso. Wengine wakainama. Ilipofika kwa Gumbilai ikatulia. Lunsin hakumkonyeza baba yake wala kumsihi, alitazama ukungu.

Mzee akavua kofia. "Sikubali," akasema, sauti imekauka. Kisha akaisogelea simu. "Imeingia, au nirudie?"

"Imeingia, Babu."

"Na mimi nitie," akasema yule mama. "Mimi pia," mwingine. Wakasema wote kwa minong'ono, kama watu walio kwenye nyumba yenye mgonjwa, na kila aliyesema alitazama kwanza juu kileleni.

Mvua ikaanza kudondoka. "Wamekasirika," mtu akanong'ona.

"Wakikasirika watatuambia sisi," Lunsin akasema.

Jeffrin akaitia simu mfukoni. "Kampuni itarudi."

"Irudi. Ila ije kijijini, tukiwa na sauti zetu zote."

Lunsin akapiga goti, akachuma chungu cha kwanza, akamwaga maji yake, akakilaza ndani ya tenga. Akachuma cha pili. Jeffrin alisimama anatazama, mvua inamchuruzika shingoni, mpaka akageuka kushuka peke yake. Watu wa Tagudon hawakugeuka. Walikuwa wameshaanza kupanda tena.