Herufi Moja Kabla ya Upasuaji

Umeme ulikatika asubuhi ile, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta kuu ya hospitali ikaamka tupu: mafaili ya wagonjwa yote hayapo. Mtandao nao haukuwepo, maana wachimba barabara walikuwa wameukata waya nje ya geti.

Fundi wa kompyuta alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anachomeka diski ya akiba, mlango ulipofunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni muuguzi mkuu, ambaye nyumbani ni mama mkwe wake.

"Mwanangu, kuna mama yuko chumba cha upasuaji, hana fahamu. Mwaka jana dawa ya usingizi nusura imuue, na jina la dawa hiyo liko humo kwenye mashine yako. Daktari anangoja."

"Nakala ninayo hapa, mama."

"Basi itoe!"

Nakala yenyewe ilikuwa moja tu, imefungwa kama kifurushi. Fundi akaandika amri ya tar, ile ya kufunga na kufungua vifurushi, akatia herufi c, jina la kifurushi na jina la folda. Kidole kilipofika juu ya kitufe, kikagoma. Ni c au x? Moja hufungua kifurushi. Nyingine hufunga kipya na kufuta kilichokuwepo. Siku zote alikuwa akichungulia mtandaoni. Leo kichwa kilikuwa cheupe pee.

"Mbona umeganda?"

"Nikikosea herufi, mama, tumekwisha."

Fundi akafungua dirisha jingine, akauita mwongozo mkubwa wa mashine. Maneno yakamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka, asijue ashike lipi. Simu ya ukutani ikalia. Bila shaka ni daktari. Hakuna aliyeipokea.

Ndipo akakumbuka tldr, kijiprogramu kinachotoa mifano michache tu ya kila amri, na kurasa zake hukaa ndani ya mashine yenyewe. Ilimradi ziwe zimepakuliwa. Je, alizipakua? Hakuwa na hakika. Akaandika: tldr tar.

Kioo kikanyamaza. Kisha mifano ikatokea. Kufunga: c. Kufungua: x.

"Mungu wangu," akanong'ona. Akarudi kwenye amri yake, akafuta c, akaandika x, akabonyeza. Majina ya wagonjwa yakaanza kushuka.

Fundi akalifungua faili la yule mama. Mama mkwe akalisoma jina la dawa mara mbili kwa sauti, akatoka mbio ambazo hakuna mkwe aliyewahi kuziona.

Fundi hakuinuka. Akatafuta diski nyingine, akaanza kutengeneza nakala ya pili. Adhuhuri simu ikalia tena.

"Amezinduka," mama mkwe alisema. "Tayari anagombana na manesi." Akakohoa kidogo. "Nilikusukuma mno pale."

"Ulikuwa na mgonjwa, mama."

"Haya. Toka humo uje ule, kabla sijakulaza wodini na wewe."