Senene wa Noela

Mwalimu Egbert wa michezo hakuuma maneno. "Mama Noela, binti yako miguu anayo, chakula hana. Juzi kaanguka uwanjani kwa njaa. Akianguka tena Jumamosi kwenye mchujo wa mbio, timu ya wilaya ataisikia tu. Ndizi peke yake haitoshi, mpe na kitu cha kujenga mwili."

Deodatha alirudi nyumbani Kamuli amefura. Kitu cha kujenga mwili! Kwani hakikuwepo? Kilikuwa jikoni kwake, kinanukia mpaka barabarani: senene, wale panzi wa msimu. Alfajiri yeye na Noela waliwaokota kwenye majani yenye umande, wakawanyonyoa mabawa mpaka vidole vikauma, wakawakaanga. Na mlaji nani? Rwegoshora, baba mtu, peke yake! Majirani wengi walishaachana na upuuzi huo wa kuwanyima wanawake senene, lakini kwa Rwegoshora mwanamke aliokota, akanyonyoa, akakaanga, kisha akameza mate.

Mchana akapakua ndizi, akamimina senene wote kwenye sahani ya binti yake.

Noela akarudisha mikono nyuma. "Mama, baba atasemaje?"

"Mdomo anao, atasema. Kula!"

"Shangazi alisema nikila sitaolewa."

"Ebo! Mimi sikula, nikaolewa, na faida yake ndiyo hii?" Deodatha akachota konzi nzima, akaitia kinywani mwake mwenyewe. Loo! Miaka yote ya kukaanga, kumbe ni watamu hivi! Hasira zikampanda upya. "Kula mwanangu, wamalize!"

Noela akala, kwanza kwa woga, kisha kwa njaa.

Rwegoshora akaingia kutoka shambani, akaketi, akatazama sahani yake. Ndizi tupu. Akatazama ya binti.

"Mama Noela! Umerogwa? Chakula changu anakula mtoto?"

Deodatha alirudi nyuma hatua moja, maana mume huyo hakuwa wa kuchezewa. Lakini akakumbuka juzi mwanawe alivyoletwa kabebwa kama mkungu wa ndizi, macho yamegeuka. Woga ukamtoka.

"Baba Noela," alisema, "kwani Jumamosi unakimbia wewe?"

Rwegoshora akanyoosha mkono aichukue sahani. Noela akaivuta kwake.

"Shikamoo, baba," akasema, mdomo umejaa, akaendelea kutafuna.